Kichwa cha Mazoezi

Mke wangu ni msusi wa dredi, na mtaani wanamwita Mama Kausha. Jina hilo alijitafutia mwenyewe. Mteja akishaoshwa kichwa, hata awe anakimbilia kufunga ndoa yake, haondoki mpaka mizizi ikauke. "Kausha!" ndiyo amri. "Ukizifunga dredi na maji ndani zitaota ukungu, zitanuka kama tambara la kudekia, halafu utazunguka mjini ukisema Mama Kausha ndiye aliyekuharibu." Watu wazima na vyeo vyao wanakaa chini ya draya kimya, taulo mabegani, wakisubiri ruhusa.

Mimi ni fundi bomba. Mtu wa maji kamuoa mtu wa kukausha, kwa hiyo msiniulize ndoa yetu ina kelele kiasi gani.

Huyu mwanamke alikuwa anaona kwa vidole. Anasokota huku anabishana na jirani dirishani, kichwa cha mteja hakitazami kabisa, kisha ghafla anasimama: "Wewe unajikuna kwa kucha, acha." Au, "Wewe umesokotwa juzi na mtu mwingine, ngozi imevimba. Rudi nyumbani, mwezi huu sikugusi." Na kweli hamgusi. Kwake yeye nywele inayovutwa kila wiki ni nywele inayofungasha mizigo. Osha vizuri, suuza mpaka povu liishe, mafuta kidogo kwenye ngozi na si kumwaga kama unakaanga, kisha iache ipumue. Hayo ameyasema mara nyingi mpaka mimi mwenyewe nayaota.

Basi asubuhi moja, akiwa anamsuuza mteja, jagi likamponyoka. Akajaribu kuliokota, mkono ukakataa. Kiharusi.

Ulimi ulirudi mapema, namshukuru Mungu, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kumgombeza muuguzi aliyemlaza kichwa kwenye mto bila kitambaa laini. Mguu nao ukarudi. Mkono wa kulia ukaanza kufumba na kufumbua, ila vidole vilikuwa na ganzi, havihisi moto wala baridi. Daktari hakutuficha. Hisia zinaweza kurudi, zinaweza zisirudi, afanye mazoezi. Dada wa mazoezi ya viungo akamletea mpira wa kuminya na bakuli la maharage ya kuokota moja moja.

"Dada yangu," mke wangu akamwambia, "mimi si mtoto wa chekechea. Nipeni kichwa."

Nikampa changu.

Chumba chake cha kazi, kile cha mbele chenye kioo kirefu na kiti cha kuzunguka, alikifunga. Wateja walikuja kumbembeleza. "Mama, tusokote hivyo hivyo, tutavumilia." Akakataa katakata. "Nisipoihisi ngozi ya mtu, nitajuaje navuta kiasi gani? Nitawang'oa nywele huku tunacheka." Walipoondoka akaniambia kwamba vidole visiporudi, kile kiti tukitoe, akae nacho mtu mwingine. Alisema bila chozi hata moja. Hilo ndilo lililonitia hofu, maana huyu analia hata jirani akikata kitunguu.

Kila jioni nikitoka kazini nilikaa kwenye kigoda, yeye nyuma yangu kwenye kochi. Mkono wa kushoto unashika ncha, wa kulia unasokota mzizi. Alianzia kisogoni kwa sababu mkono ulikuwa haupandi juu. Siku za mwanzo, jamani! Dredi zangu zilikwenda kila moja na njia yake. Mafundi wenzangu waliniuliza kama nimepigwa na umeme. Nikawajibu ndiyo, na kesho napigwa tena.

Shida ilikuwa ile sheria yake. Mzizi ukishasokotwa unapumzika mpaka nywele mpya ziote. Alipomaliza kisogo akaweka mikono mapajani. "Basi. Mpaka mwezi ujao."

"Na mazoezi je?"

"Sikupi upara kwa ajili ya mazoezi, baba watoto."

Kesho yake akakaa anatazama ukuta. Keshokutwa hivyo hivyo. Mpira wa kuminya ulikuwa uvunguni, maharage tulishayapika. Nilimtazama mwanamke aliyekuwa anajaza nyumba kwa kelele, sasa nasikia friji inavyonguruma. Sikuweza kuvumilia.

Nikaanza ujanja. Asubuhi naingia bafuni na maji ya moto na sabuni, nafumua mizizi ya kisogoni yote. Jioni nakuja na uso wa huruma: "Mama watoto, hebu tazama balaa hili. Bomba la leo limenipasukia kichwani."

Akasonya. "Kazi gani hiyo, kuogeshwa kama bata?" Lakini mikono ilishanyanyuka. Nikamsikia anaimba kwa pua, kitu ambacho hakukifanya tangu hospitali. Nikaona nimepata dawa. Kuanzia hapo mabomba ya mji mzima yakawa yananipasukia mimi tu.

Aliyenishtukia ni binti yetu. Tulikuwa tunaanua nguo uani, akaniinamisha kichwa. "Baba, kisogoni kunang'aa."

Nikagusa. Alikuwa anasema kweli. Kule kulowesha na kuvuta, kulowesha na kuvuta, kulikuwa kumenyonyoa nywele, na chini ya sikio dredi mbili zilining'inia kwa uzi. Moja ilibaki ndani ya kofia yangu siku ile ile. Niliitazama nikaumia, kwani dredi ile ilikuwa na umri mkubwa kuliko binti yangu. Lakini mkono wa mama yake ulikuwa umeanza kupanda hadi utosini, na ulikuwa unaweza kubana kibanio.

"Nywele zitaota," nikamwambia. "Mama yako mkono mwingine hauoti."

Akanitazama, kisha akaingia ndani akatoka na wanja wake wa macho. Akanipaka mwenyewe, kwa ustadi, ngozi ikawa nyeusi tititi. Mama mtu akaangalia jioni ile asione kitu. Ndivyo tulivyokula njama, mimi na mwanangu, yeye akinipaka na kila jioni akiwahi kumfuta mama yake vidole, na kila siku nilijiambia kesho naacha.

Jioni moja alikuwa anasokota huku amegeukia dirishani, anamfokea jirani ambaye nguo zake mbichi zilikuwa zinadondoshea maji kwenye zetu zilizokauka. "Nimeshakwambia kamua kwanza, kamua, halafu uanike..." Vidole vikasimama.

"Mbona hapa laini hivi?"

"Sabuni hiyo, mama watoto," nikawahi, "ile mpya..."

"Nyamaza. Hapa chini ya sikio hapana nywele. Na hapa pana kipele. Na hii dredi, mzizi wake umebaki uzi!" Yote hayo bado macho yake yako kwa jirani. Mimi nilikuwa natafuta uongo mwingine tu, sikuelewa chochote, mjinga mimi.

Aliyeelewa ni binti yetu, aliyekuwa mlangoni na sahani. "Mama," akasema taratibu, "umegusa kwa mkono gani?"

Mke wangu akauleta mkono mbele ya uso wake. Ncha za vidole zilikuwa nyeusi kwa wanja. Ulikuwa wa kulia.

Akajigusa shavu kwa kidole cha shahada. Akajigusa kwa cha kati. "Hiki nasikia," akasema. "Na hiki. Hiki cha mwisho bado bado, lakini..." Hakumaliza, akalia kwa sauti, na mimi nikalia, na mtoto akaziweka sahani sakafuni akaja kutukumbatia wote wawili. Jirani dirishani alikuwa anajifuta machozi kwa nguo yake mbichi.

Kisha akavitazama tena vile vidole. "Na huu weusi ni nini?"

"Wanja," binti akajibu, akatorokea jikoni.

Ikabidi niseme. Nikamwambia habari ya bafuni, maji ya moto, mabomba ambayo hayakupasuka. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, na hilo halijawahi kutokea katika nyumba hii. "Yaani mimi," akasema, "mimi Mama Kausha, nimemtia mume wangu upara! Kichwa hiki hakiguswi mpaka nitakaposema mimi. Umesikia?"

Halafu akanitandika kofi la kisogo, papo hapo penye upara, kwa mkono ule wa kulia.

Likauma. Likauma hasa, masikio yakalia.

"Asante," nikasema.

"Unashukuru nini, mpumbavu wewe?"

"Nipige tena."

Akanyanyua mkono, nikausikia unashuka polepole. Haukupiga. Ulitua tu juu ya ngozi ile tupu, ukakaa.

"Una joto," akaniambia.