Siku Bajeti Ilipovuka Bonde

Ipo siku moja, mwanangu, inanirudia kila nikisikia watu wanakuita mheshimiwa diwani. Ilikuwa mwaka ule korona ilipoingia, shule zimefungwa, watu wanasalimiana kwa viwiko, na mimi mama yako mkubwa nikiwa ndiyo kwanza nimeingia kwenye udiwani kwa uchaguzi mdogo, baada ya diwani wetu kuhamia mkoa mwingine. Kwa umri nilishakuwa bibi wa watu. Kwa udiwani nilikuwa binti mbichi kabisa, usicheke.

Nilikuwa uani naosha karoti za kupeleka gulioni Mkuyuni, bodaboda akaleta makabrasha ya kikao cha dharura cha baraza la madiwani. Nikayafungua kwa mikono yenye maji. Maneno yalikuwa mengi ila habari ilikuwa fupi: magulio yamelala, ushuru hauji, na ugonjwa unataka sabuni, ndoo za kunawia, vifaa vya wauguzi na nyumba ya kuwatenga wagonjwa. Kwa hiyo fedha za miradi ambayo haijakamilika zihamishiwe huko. Katika miradi hiyo nikaiona wodi yetu ya wazazi.

Wewe wodi ile umeikuta ina bati na rangi. Sisi tuliijua ikiwa boma, kuta tupu bila paa. Utaratibu unaufahamu, wananchi tunanyanyua kuta, halmashauri inaezeka. Wanaume walichoma tofali, na sisi wanawake tukapandisha mchanga kutoka mtoni kwa ndoo na makarai, njia ile ya utelezi inayokutoa jasho hata asubuhi ya baridi. Tulibeba kwa sababu tulikuwa tumechoka kuona wajawazito wakiteremshwa kwa machela hadi barabarani, wengine wakijifungulia njiani, wenzao wamewazungushia khanga majanini. Sasa masika yalikuwa yameshaanza, kuta ziko wazi, na udongo tuliojengea unaondoka kila mvua inaponyesha. Bila bati mwaka ule, tungeanza upya.

Nilikasirika. Nikasema kesho nakwenda kuwaonyesha kwamba mlimani nako kuna watu. Nilijipangia hotuba kali, na kusema kweli niliipenda sauti yangu mwenyewe. Kuwaambia wananchi sikuwaza. Mikusanyiko ilikuwa imekatazwa, nami nikaona hiyo ni nafuu, nitapigana peke yangu na kurudi na ushindi.

Jioni nikapita kwa mjomba wetu, Mzee Adriani, ambaye kwa ukoo wetu wa kina mama ndiye aliyekuwa mkubwa wa wote. Nikasimama mbali kidogo na baraza lake, kama tulivyoelekezwa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Mbona umekunja uso hivyo?"

Nikamweleza yote, nikamwonjesha na hotuba. Alinisikiliza huku anamenya muwa wake taratibu, na nilipomaliza akauliza, "Hizo kelele utakazopiga kesho ni zako, au ni za waliobeba mchanga?"

"Ni kwa ajili yao, mjomba."

"Sikuuliza ni kwa ajili ya nani. Umewaambia?"

"Nitawaambia tukishaamua."

"Mkishaamua hutakuwa na jambo la kuwaambia. Utakuwa na taarifa tu, kama redio." Akatema maganda. "Watu wameumiza shingo zao kwenye ile kazi, halafu wewe unataka kuwaamulia wakiwa wamekaa gizani. Wakikuchukia watakuwa na haki."

Iliniuma. Nikajitetea kwamba mkutano umekatazwa. Akanitazama kwa huruma iliyochanganyika na kejeli, unamkumbuka alivyokuwa, akasema, "Ng'ombe wa jirani akiingia shambani kwako, huwa unaitisha mkutano?"

Nikamwelewa. Huku kwetu nyumba ziko mbalimbali, kila ukoo na kilima chake, na toka utoto tumezoea kuitana kutoka upande mmoja wa bonde hadi wa pili. Msiba, mbuzi aliyepotea, chumvi iliyoisha, vyote vinavuka kwa sauti. Jua lilikuwa bado lipo. Nikapanda kilimani juu ya kanisa, pale bonde lote linaposikia, nikaweka mikono mdomoni, nikaita.

Niliona aibu, sikufichi. Diwani mzima anapiga ukelele kama anafukuza tumbili. Lakini watu wakatoka majumbani, wengine wakasimama kwenye matuta ya kabichi, na mimi nikaitangaza bajeti kwa sentensi fupifupi, maana bonde halipokei sentensi ndefu. Fedha za bati zinataka kuhamishwa. Zinakwenda kwenye sabuni, ndoo na nyumba ya wagonjwa wa korona. Kesho tunaamua. Mnasemaje?

Yakaja matusi mawili matatu, ambayo nayo yalivuka vizuri. Baadaye ng'ambo ya pili akaita Paskalia, yule mama mwenye mapacha, aliyewahi kuteremshwa kwa machela mara tatu kabla ya hao mapacha, na akarudi na mtoto mmoja tu.

"Hiyo nyumba ya wagonjwa iko wapi?"

"Mjini. Wanataka kukodi."

"Na mgonjwa wa huku atafikaje mjini?"

Nikamjibu ukweli, "Sijui." Upande wa kushoto mzee mmoja akadakia kwamba naye atakwenda kwa machela, njia ileile. Watu wakaanza kuitana wao kwa wao juu ya kichwa changu, na kabla jua halijazama wazo likawa limeshapatikana, na hata leo siwezi kukuambia lilitoka kinywani mwa nani. Ezekeni boma letu. Wagonjwa wa korona wa huku mlimani walale humo sasa, na ugonjwa ukipita wazazi waingie.

Nikauliza swali gumu zaidi. Kama halmashauri itasema lazima kata yetu iache kitu kingine, tuache kipi? Hapo kelele zilipanda. Wengi wakasema kivuko cha mtoni, mradi wetu mwingine wa mwaka ule, kisubiri. Wale wa ng'ambo ya mto, ambao watoto wao wanavuka kwenye gogo kwenda shule, wakakataa kabisa, na walikuwa na sababu. Niliondoka pale nikijua kwamba lolote litakaloamuliwa, kuna watu nitawaumiza.

Kesho yake tulikaa kwa kuachiana nafasi, barakoa za kitenge usoni, madirisha wazi. Ile hotuba yangu kali sikuitoa. Ilipofika zamu yangu nikauliza swali la Paskalia, kisha nikatoa ombi la wananchi, na nikasema wazi kwamba wapo waliokataa. Niliogopa watanicheka. Mganga mkuu wa wilaya ndiye aliyeinua kichwa. Akasema jambo la kumkosesha usingizi lilikuwa hilohilo la watu wa milimani, ila hakujua kama kuna kuta zilizosimama. Mweka hazina akakuna kichwa, akapiga hesabu zake, akasema inawezekana upande mmoja wa jengo, na kivuko kisogezwe mwaka unaofuata. Tulibishana sana. Madiwani wa tambarare nao walikuwa na vidonda vyao, na sikuwalaumu. Mwisho tukanyoosha mikono, ikapita.

Bati zilifika barabarani, na kutoka hapo zilipanda kichwani, wanawake na wanaume wakiwa wametengana hatua kadhaa, wakiimba kwa zamu. Mvua ilikuwa imeshaubomoa ukuta mmoja wa nyuma, tukaunyanyua tena. Walilala humo wagonjwa wachache, wakapona, isipokuwa mzee mmoja tuliyemzika kwa heshima zake. Halafu asubuhi moja, kabla hata hatujaondoa kibao cha kuwatenga wagonjwa, akaingia mama akiwa na uchungu, na muuguzi hakuwa na muda wa kuuliza jengo ni la nani. Nilipoitwa nilimkuta mtoto ameshafungwa khanga. Nililia, mwanangu, na sikuona aibu.

Kivuko kilichelewa kuliko tulivyoahidiwa. Watu wa ng'ambo ya mto walininunia, na yupo mmoja hadi leo ananisalimia huku anatazama pembeni. Lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kusema nilimficha. Kwenye mkutano wa wananchi wa bajeti ya mwaka uliofuata walikuwa wa kwanza kufika, wakaja na madai yao na hasira zao, wakakaa mbele. Na kivuko kikajengwa.

Sasa nisikilize. Fedha za halmashauri hazitatosha, wakati wa ugonjwa wala wakati wa afya, na kila mara utakapokaa mezani utakuwa unamkatia mtu fulani. Usiogope hilo. Uogope kumkatia akiwa hajui. Kabla hujanyoosha mkono, nenda kawaambie ukweli wote, hata ule unaokufanya uonekane mnyonge, na usiwapelekee jibu ulilokwisha kulipika. Waulize, kisha ukae kimya uwape nafasi. Watakutukana kidogo, hilo lipo kwenye kazi. Ukirudi kikaoni, sema na ya waliokataa, maana nao ni wako.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe sauti ya kufika ng'ambo, na masikio ya kuisikia ile inayorudi.