Pumzi Kumi za Mponda Mawe

Mwanamke anayeponda mawe ya dhahabu pale machimboni Tiira huweka nyundo chini kila jua linapofika utosini. Hutandika gunia, hupiga magoti na kuinama mpaka paji la uso liguse chini, mikono yenye sugu ikiwa imenyooka mbele, kisha huvuta pumzi kumi za taratibu. Yoga hiyo alifunzwa na muuguzi mmoja, mwaka mgongo wake ulipogoma kunyooka. Jana msimamizi alikuja akasimama karibu naye, mkono kiunoni.

"Mama, gari ya kuchukua mawe imefika. Itaacha mzigo wako."

Mama akaendelea kuvuta pumzi mpaka ya kumi ikatoka. Akainuka bila kushika kitu.

"Hii nyundo nataka kuishika mpaka nizeeke," akasema. "Wewe, mgongo inauma tangu lini?"

Msimamizi akaondoa mkono kiunoni, akaenda kumwambia dereva angoje.