Mmenirusha Mahakama ya Mwanzo

Juzi nilipanga foleni kwenye mahakama ya wilaya, hapa Maryland, nyuma ya mzee wa Kitanzania aliyepewa kesi ya kuendesha gari kwa kasi. Alituambia anaendesha basi la shule, na leseni ikienda, kazi nayo imekwenda. Alipofika dirishani alivua kofia, akaiweka kifuani.

"Samahani dada, mmenirusha ngazi. Hii ni Wilaya. Kwetu kesi inaanzia Mahakama ya Mwanzo."

Karani, Mkenya, hakuinua macho. "Mzee, hapa ndiyo chini kabisa. Ukishindwa unapanda mahakama ya Circuit, halafu mahakama ya rufaa, halafu Supreme."

"Chini yenu hakuna kitu?"

"Kuna parking."

Mzee akavaa kofia yake taratibu. "Sasa mimi nitashindwa wapi kwanza?"

Karani akamwonyesha mlango wa hakimu.

Nimekaa huku miaka mingi. Nimewasikia walimu wakuu wanaoogesha wagonjwa, na wahasibu wanaopiga deki madukani Wheaton, wote wakilalamika kwamba Marekani imewaanzisha chini. Huyu ndiye wa kwanza kulalamika kwamba imemwanzisha juu.