Kiboko Aliyeipa Kibiti Mgongo

Msinicheke kabla sijafika penyewe, maana aibu hii ni yangu peke yangu, nimekaa nayo tangu enzi za Mwingereza, na hadi leo nikiwa na safari ya Kibiti nazunguka nyuma ya soko ili nisipite mbele ya baraza.

Bwana Shauri, yule mkubwa wa wilaya, alitaka Kibiti nako kuonekane mji. Akasema kwao Ulaya majengo ya serikali yana simba wa mawe juu ya milango, basi sisi watu wa Rufiji tuwekewe kiboko, mkubwa kama alivyo mtoni, atokeze ukutani juu ya mlango wa baraza jipya. Kazi nikapewa mimi, kwa sababu nimezaliwa kwa wakata mikoko wa deltani na nilijua kusimamisha boriti na kuzikandika chokaa (viboko sikuwahi kujenga, ila hakuna aliyeniuliza). Bwana Shauri akaenda zake safari, akasema atarudi siku ya ufunguzi.

Sasa, wakati ule nilikuwa nimepeleka posa kwa Mwalimu Athumani, aliyekuwa akisomesha Kurani watoto wa pale, namtaka bintiye Zaituni, na jibu lilikuwa bado. Nikampitia kumweleza kazi niliyopata, nikidhani atafurahi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nasikia unaumba wanyama."

"Mmoja tu, Mwalimu."

"Sanamu ya kiumbe mwenye roho haifai, mwanangu. Kama huna budi, usiitie kichwa. Kisicho na kichwa hakina uhai."

Mwenye akili zake angemtafutia Bwana Shauri maneno ya kuikwepa kazi. Mimi nilikuwa na posa. Nikaamua pale pale kwamba kiboko wangu atakuwa anaingia ndani ya jengo: nusu ya mbele imekwisha kuingia, haionekani, nje imebaki nusu ya nyuma. Mzungu kapata kiboko, Mwalimu hana kichwa cha kulalamikia, mimi nangoja mke.

Paa lilikuwa bapa, na maji ya mvua yalitakiwa yatoke upande wa mbele kwa mlizamu, ule mfereji wa kuyatema nje, lakini mbele pote palikuwa pamejaa kiboko. Nikaupitisha mlizamu tumboni mwake (ulikotokea mnakujua, msinitazame hivyo). Nikauziba kwa makumbi ya nazi ili chokaa isiingie, na chini yake nikapachika mkia. Makumbi nikayasahau. Ikaja mvua, maji yakatuama juu ya paa siku kadhaa, makumbi yakalowa humo, na maji ya makumbi mnajua rangi yake na harufu yake.

Siku ya ufunguzi kiboko alifunikwa kitambaa cha amerikani. Askari wawili wakavuta kamba, kitambaa kikaanguka, na ile kamba ikapita kwenye makumbi ikayalegeza. Watu waliokuja kwa miguu toka Mtunda wakatazama juu.

"Kichwa kiko wapi?" Bwana Shauri akaniuliza.

"Kimetangulia ndani, Bwana."

Akaingia ndani kukitafuta.

Mwalimu akasimama mlangoni na kanzu yake nyeupe kuomba dua, watu wakainua mikono, na ndipo nilipoona makumbi yanachungulia. Yalitoka polepole, bonge zima la kahawia, yakasita kidogo, kisha yakaangukia miguuni pa Mwalimu. Waliokuwa wakiitikia amina wakaacha. Yakafuata maji. Yaliupiga mkia, mkia ukayatawanya kulia na kushoto kama afanyavyo kiboko mwenyewe (kwa upande wa ufundi, hapo sikukosea). Mwalimu alilowa mpaka kilemba. Bwana Shauri akatoka kuja kusema hajakiona kichwa, akakutana na yaliyobaki.

Nilijua nimekwisha. Kazi haikuniuma, kilichoniuma ni Zaituni, aliyekuwa upande wa wanawake kajiziba mdomo kwa kanga.

"Nani aliruhusu kitu hiki?" Bwana Shauri akauliza.

Mwalimu akajifuta uso taratibu. "Mimi nilimwambia asitie kichwa," akasema. "Hakutia. Ni kijana anayesikia."

Ikatoka amri kivunjwe. Watu wakapiga nyundo mpaka wakachoka, boriti za mikoko zikawakatalia, wakaambulia mkia tu. Kwa hiyo kiboko yupo, na mtu wa Kibiti akiitwa shaurini husema ameitwa kwa Kiboko. Mimi nimeapa sijengi tena ukuta mmoja wa kuwaridhisha wakubwa wawili.

Zaituni nilipewa. Mwalimu alipokuja kututembelea mara ya kwanza ilikuwa kiangazi, jua kali, wingu hakuna, naye akafika na mwavuli. Akavua viatu, akaketi mkekani, akatazama juu.

"Umeezeka mwenyewe?"

"Mwenyewe, baba."

Akaufungua mwavuli, akapokea kahawa kwa mkono wa pili, akaanza kutuuliza habari za nyumbani.