Aliyeomba Kuvuka Changarawe

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi, maana nikishaanza sitakubembeleza uniamini. Sinywi pombe, na usiku wake nilikuwa nimelala vizuri. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, hapa ughaibuni, mjini Fort Worth, jua likiwa limeshachomoza.

Nafanya kazi kwenye bustani ya Kijapani. Humo mna kiwanja kisicho na tone la maji, changarawe nyeupe tu na mawe makubwa matatu, na hilo eti ndilo ziwa. Msimamizi wetu, mzee mpole wa Kijapani, alinifundisha kuchora mawimbi kwa reki huku narudi kinyumenyume, nisiache unyayo. Kabla ya kuanza naweka njiani jiwe dogo lililofungwa kamba nyeusi, maana yake usipite. Alisema pia uzuri wa bustani uko pale palipoachwa wazi. Mwanzoni niliona ni mchezo wa watu walioshiba. Baadaye nilipapenda, kwa sababu ziwa lile halikuwa limemla mtu.

Letu, Tanganyika, lilimla mdogo wangu Furaha. Tulikuwa tunakimbia vita, mtumbwi ukajaa, yeye akabaki majini ameshika ukingo. Nikamwambia aachie, angoje mtumbwi wa pili. Hakukuwa na mtumbwi wa pili, na nilijua.

Asubuhi hiyo nachora zangu, macho kwenye meno ya reki, nikasikia sauti ya mwanamke upande wa njia.

“Yaya, univushe na miye.”

Yaya ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa kwetu Kongo. Wakongo tumejaa mji huu, nikadhani ni mgeni aliyeingia kabla ya geti kufunguliwa. Na unajua nilichowaza? Mawimbi yangu. Sikuinua hata kichwa. Nikamjibu asikanyage, angoje nimalize.

“Hata ile siku uliniambia ningoje,” akasema, taratibu, bila hasira.

Nikatazama. Furaha alikuwa amesimama nyuma ya lile jiwe, na umri wake uleule wa miaka kumi na tisa, kitenge kimemganda mwilini kwa maji. Nilitupa reki, nikakimbia juu ya mawimbi yote, mkono nimeunyoosha. Nilipofika, hakuwepo. Njia ilikuwa imelowa, na jiwe pia.

Mzee alinikuta nimepiga magoti, nalia kama mtoto. Aliokota reki, akaanza kuchora upya.

Mama yangu anaishi Houston. Miaka yote aliamini wimbi ndilo lililomnyang'anya binti yake. Jioni ile nilimpigia simu, nikamwambia ukweli. Akakata, na mpaka leo hapokei simu yangu.

Lile jiwe siliweki tena, na kila asubuhi nachora nimeinua kichwa. Hajarudi. Nawe, mtu akikuomba umvushe, usimjibu kabla hujamtazama usoni.