Printa ya Mwalimu Kunigunda Ilipogoma

Kompyuta ilisema imemaliza kuchapa. Mwalimu Kunigunda akageuka kuitazama printa yake mpya.

Hakuna karatasi.

Akatuma tena. Kompyuta ikasema tayari. Printa imetulia tu, taa inawaka, kama haijaambiwa kitu.

Hii ni Mbinga mjini, Alhamisi mchana. Wahusika wote wapo hai na kila Jumapili wanakutana kanisani.

Jumamosi wazazi wake walikuwa wanatimiza miaka hamsini ya ndoa. Kwenye kikao, mbele ya ukoo mzima, Kunigunda alisimama akatangaza kwamba vijitabu vya misa atachapa yeye, kwa printa yake, sebuleni kwake. Tena alisema kwa madaha.

Sasa aende steshenari kupanga foleni? Wangemcheka hadi Pasaka.

Mdogo wake Tadei, mkulima wa kahawa aliyekuja kutoka Mpepai kwa ajili ya sherehe, alikuwa anamwangalia.

"Dada, labda umeunganisha vibaya."

"Wewe unajua nini? Waifai ni mibuni?"

Tadei akavuta kiti, akakaa.

Kunigunda akazima, akawasha. Akaifuta printa kwenye kompyuta, akaitafuta upya. Jina likatokea, akalibonyeza. Imeunganishwa. Akatuma vijitabu vyote.

Kimya.

"Si umwombe Marselina? Anayo kama hii hii, mlinunua duka moja."

Marselina ni jirani wa ukuta mmoja. Mjane, mtu wa ziwani kule Ngumbo, anauza dagaa wa Nyasa. Anawafunga kwenye pakiti zenye lebo na kuwapeleka Songea. Kwa Kunigunda huyo alikuwa mtu wa salamu ya mbali, basi.

"Marselina," akasema, akacheka puani. "Ngoja nijaribu kwa sentensi moja."

Akaandika kwa herufi kubwa: MUUZA DAGAA ANA PRINTA YA KAZI GANI? YA KUFUNGIA DAGAA?

Akamgeuzia Tadei asome. Tadei hakucheka.

"Futa hiyo, dada."

Akabonyeza kuchapa. Printa yake haikutoa kitu.

Saa kumi hodi ikabishwa mlangoni. Marselina, kabeba boksi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Leo hatununui dagaa."

"Sijaleta dagaa."

Akaliweka boksi mezani. Ndani, vijitabu vya misa. Vimekunjwa, vimebanwa pini, vimepangwa.

"Kompyuta yako imeshika printa yangu badala ya yako, Mwalimu. Karatasi zako zinatoka kwangu tangu mchana. Nilipoona majina ya Mzee na Mama nikajua ni za Jumamosi, nikaongeza karatasi na wino. Nimekunja nilivyoweza."

Kunigunda hata hakumwangalia. Alikuwa anapekua boksi, akiitafuta ile sentensi yake. Akafika chini kabisa. Ile karatasi haikuwemo.

Akashusha pumzi. Huyu hajaisoma, akajiambia. Mtu wa dagaa atasoma saa ngapi.

"Haya, asante," akasema, kwa sauti ya kumfungia mtu mlango.

Tadei ndiye aliyeona aibu. Akachukua bunda la karatasi, akamfuata Marselina kumrudishia alizotumia. Aliporudi hakukaa.

"Ile karatasi yako ameibandika ukutani, dada. Juu ya printa."

Kunigunda akaliacha boksi.

"Amesemaje?"

"Hajasema kitu. Kaniuliza tu misa inaanza saa ngapi."

Jumamosi, baada ya misa, Marselina alikuja kwenye sherehe, kavaa akapendeza, na sinia la dagaa wa kukaanga kwa ajili ya wazee. Mama yake Kunigunda akamkumbatia mbele za watu, akamshukuru kwa vijitabu; Tadei alikuwa ameshamwambia.

Ukoo wote ukageuka kumtazama Mwalimu.

Kunigunda akachukua kiti cha mbele, akakifuta kwa kitenge chake, akampelekea kwa mikono yake mwenyewe.

"Karibu ukae hapa, dada Marselina."

Marselina akakitazama kiti. Kisha akamtazama yeye, taratibu, kama anayepima samaki aliyelala tangu jana.

"Asante, Mwalimu. Nitakaa nyuma, nisije nikawanukia dagaa."

Akaenda kukaa nyuma. Kiti kikabaki wazi hadi sherehe inaisha, na hakuna aliyethubutu kukikalia.

Nawe unayemcheka jirani ukiwa umejifungia sebuleni kwako, angalia kwanza umeunganishwa na nani.