Marehemu mume wangu "alihudhuria" mkutano uliomng'oa mwenyekiti wa kijiji, na dole lililomsainia ni langu

Wakuu, shikamoo zenu nimezipokea hata kabla hamjazitoa, maana wengi humu ni wajukuu zangu.

Mie ni bibi wa huku pwani, ukipita Tongoni unaendelea kusini. Shule yangu ni chuo cha Kurani na ngumbaru, basi. Naandika kwa kidole kimoja, mkiona makosa yarukeni. Lakini majina sikosei, na haya nilikuwepo, sikuhadithiwa.

Nina hasira. Niliacha siku tatu zipite zipoe, hazikupoa.

Mwenyekiti wetu wa kijiji ni Omari Mbwana. Mdomo wake hauna breki, lakini si mwizi.

Ugomvi ulianza alipokataa kugonga muhuri karatasi ya kumpa mgeni mmoja uwanda wetu wa ufukweni ajenge hoteli. Hapo ndipo sisi wanawake tunapoanika dagaa. Mie nimeanika hapo tangu binti yangu Mwanakombo yumo mgongoni. Shamba aliloliacha mume wangu lina minazi mizee isiyozaa. Uwanda ukienda, na mie nimekwenda.

Aliyeutaka sana mpango huo ni mtendaji wa kijiji, Athumani Hoza.

Siku ya kikao cha halmashauri ya kijiji (mie mjumbe, kulia kwangu kaketi Zuhura Kombo, kushoto Jumaa Makame), Athumani akamchokoza Omari mpaka akachokozeka.

"Mwenyekiti, unaongoza kijiji au unaongoza dagaa?"

Watu wakacheka. Omari akautupa muhuri mezani.

"Chukueni muhuri wenu! Chukueni na kiti! Mie nimeacha, nakwenda kuvua!"

Nikamfuata nje. "Omari mwanangu, ulimi huo utatuponza." Akasema, "Mama, ni hasira tu." Alasiri haijaadhiniwa kesharudi, kaomba radhi mbele ya wajumbe wote, kaketi kitini pake. Tukadhani yameisha.

Kumbe Athumani muhuri kashautia mfukoni.

Wiki mbili baadaye ikaja miche ya mikorosho, ya bure. Tukapanga foleni ofisini. Athumani kashika karatasi za majina. Juu kweupe, hazina kichwa cha habari.

Sasa wakuu, eleweni kitu kimoja. Huku kwetu shamba haliachi jina la mwenyewe kwa sababu kafa. Shamba la Shehe Bakari ni la Shehe Bakari, hata nilime mie miaka ishirini. Miche iligawiwa kwa majina ya mashamba. Akaita, "Shehe Bakari!" Nikaitika naam, nikaweka dole mbele ya jina la mume wangu, nikabeba miche yangu. Zuhura naye kamwekea dole babake, Kombo Ali. Nani aone ajabu? Ndivyo tufanyavyo siku zote.

Mwezi haukuisha, barua ikabandikwa ukutani: Omari Mbwana amejiuzulu kwa hiari yake, mkutano mkuu wa kijiji umeridhia, na kaimu wake ameshapatikana.

Mkutano gani? Hakukupigwa mbiu, hakukutangazwa msikitini, hata mbuzi wa kijiji hawakuusikia.

Omari akaenda mahakamani. Mara hakimu yuko likizo, mara wakili wa akina Athumani anaumwa, mara jalada halionekani. Huku nyuma kaimu kashagonga muhuri, na mgeni kashapiga vigingi uwandani. Nikawa naanika dagaa baina ya vigingi vya mtu, kama mwizi kwenye ua wangu!

Siku yangu ya ushahidi ikafika. Wakili wao, kijana nadhifu, suti ya buluu, akanyanyua karatasi.

"Bibi, haya ni mahudhurio ya mkutano. Dole lako hili unalikana?"

"Nisomee majina baba, miwani nimeiacha nyumbani."

Akasoma. Alipofika Kombo Ali nikasema, "Huyo maiti."

Akaendelea. Mwanaisha Heri. "Maiti. Nilimwosha kwa mikono hii."

Salimu Dodo. "Huyo hai, lakini kavuka mpaka wa Horohoro kabla ya Ramadhani, yuko Mombasa. Mkewe ndiye aliyechukua miche."

"Bibi, jibu unachoulizwa!"

"Ndicho ninachojibu."

Kisha akasoma: Shehe Bakari.

Hebu oneni, wakuu. Karatasi yasema mume wangu kaunga mkono Omari aondoke. Omari huyohuyo ambaye mume wangu ndiye aliyemfundisha kushona nyavu!

Nikasema, "Huyo ni mume wangu. Dole ni langu. Mie nilipewa miche, sikupewa mkutano. Mkitaka kumuuliza kura yake, makaburi hayako mbali, nitawapeleka."

Mahakama nzima ikacheka. Mie sikucheka.

Wakili hakukoma. "Lakini Omari alisema nimeacha. Ulisikia au hukusikia?"

"Nilisikia. Na wanaume wangapi nimewasikia wakitoa talaka za hasira? Hata hizo kadhi huuliza kwanza. Kiti cha kijiji ndio hakiulizwi?"

Hakimu akaomba majina yasomwe upya tangu mwanzo. Nikamtajia wote, nani hai, nani kafa, nani kazikwa wapi. Maiti walikuwa kumi na mmoja.

Wiki iliyopita hukumu imetoka: hakukuwa na kujiuzulu, Omari arudi kitini. Vigelegele vikapigwa.

Lakini vigingi viko palepale! Mgeni anasema karatasi yake ina muhuri, na hiyo ni kesi nyingine.

Na Athumani? Kahamishiwa kijiji kingine. Kahamishwa tu, na kalamu zake. Siku anaondoka akanipitia. "Bibi, tusameheane, ilikuwa kazi."

Nikamwambia, "Kamwombe radhi kwanza Shehe Bakari. Kaburi lake unalijua? Hulijui. Basi mkutanoni ulimtambuaje?"

Akawasha pikipiki.

Nilichojifunza ni hiki: karatasi isiyo na kichwa usiitie dole, hata ukipewa pepo. Na mashamba ya marehemu yabadilisheni majina, maana mkiwaacha huko wataitwa mikutanoni. La shamba letu nimeshaanza kulifuatilia. Na wewe Omari, najua unasoma humu, funga mdomo.

Waliopatwa na kama haya semeni, nasoma zote, polepole. Wanasheria mniambie jambo moja: vile vigingi nikiving'oa mwenyewe, nayo ni kesi? Jibuni upesi, dagaa wanafika kesho na jembe liko mlangoni.